Sumni ya Mtoto: Somo Kutoka kwa Bendi Iliyorudiana



Somo letu la wiki hii linaanzia mahali ambapo pengine hamkutegemea, kwenye bendi moja ya Kimarekani ambayo wengi wenu mmeisikia bila kujua ni akina nani. Kuna wimbo unaitwa "Kiss Me". Ndiyo, najua. Frateri anaandika kuhusu wimbo unaoitwa "Kiss Me". Naomba tu habari hii isimfikie gombera kabla hajasoma mpaka mwisho.

Mmeusikia, hata kama jina halijawajia. Gitaa la akustika linatangulia, akodioni inapita kwa mbali, kisha sauti ya dada mmoja, nyepesi kama ya mtoto anayeimba akiwa anafua. Ulitoka kama singo mwaka 1998, ukawekwa kwenye filamu ya vijana ya "She's All That" mwaka 1999, na mwaka huohuo ukafika nafasi ya 2 kwenye chati kuu ya Marekani, Billboard Hot 100. Hadi leo unapigwa kwenye saluni, kwenye maharusi, hata kwenye mabasi ya mikoani dereva akichoka na bongofleva. Mimi wakati huo nilikuwa bado sijajua hata kutembea.

Bendi yenyewe inaitwa Sixpence None the Richer. Kwa watu wengi stori yao inaishia hapo: wimbo mmoja, basi. Mi naona wameonewa. Albamu ya 1997 iliyobeba wimbo huo, na ambayo ina jina lao wenyewe, ina nyimbo nzito kuliko huo, za watu waliokuwa wamechoka kusubiri. Humo ndani kuna hata wimbo uliotokana na shairi la Pablo Neruda wa Chile. Lakini wimbo mmoja ukishakuwa mkubwa sana unawafunika wenzake, kama vile mtoto mmoja anavyokula sahani nzima huku wadogo zake wakitazama.

Tuanzie mwanzo. Mapema miaka ya 1990, huko New Braunfels, mji mdogo wa jimbo la Texas, kijana mpiga gitaa anayeitwa Matt Slocum alikutana na binti wa shule, Leigh Bingham, ambaye baadaye alijulikana kama Leigh Nash. Walikutana kwenye mafungo ya kanisa. Matt alikuwa anaandika nyimbo, Leigh alikuwa na sauti. Yaani ni stori ambayo kila mwanakwaya wa parokia yoyote ya kwetu anaijua: mmoja ana daftari, mwingine ana koo, wanaanza.

Halafu jina. Hapa ndipo penye somo.

Jina hilo limetoka kwenye kitabu "Mere Christianity" cha C. S. Lewis. Lewis alizaliwa Belfast mwaka 1898, akawa mwalimu wa fasihi Oxford, akapoteza imani ujanani na kuirudia ukubwani. Alikuwa Mwanglikana, si Mkatoliki, ila vitabu vyake vinasomwa sana hata kwenye seminari zetu. Kitabu hicho kilichapwa mwaka 1952, lakini kilianza kama mazungumzo ya redioni, BBC, kati ya mwaka 1941 na 1944, wakati watu wa Uingereza wanakaa gizani wakiogopa mabomu. Kwenye sehemu inayohusu imani, Lewis anatoa mfano mdogo sana. Mtoto anakwenda kwa baba yake anamwomba peni sita ili amnunulie baba huyohuyo zawadi ya siku ya kuzaliwa. Baba anampa. Mtoto anakwenda dukani, anarudi na zawadi. Baba anafurahi kweli kweli. Lakini ukipiga hesabu, baba hajaongezewa hata senti moja. Kilichoingia ndicho kilichotoka.

Leigh Nash aliwahi kuulizwa maana ya jina hili kwenye kipindi cha televisheni cha David Letterman, mbele ya mamilioni ya watu waliokuja kusikiliza wimbo wa mapenzi, naye akausimulia mfano huo. Mimi napenda sana hilo. Hakuhubiri. Aliulizwa, akajibu.

Kwa sarafu za zamani za Kiingereza, shilingi moja ilikuwa na peni 12, kwa hiyo peni sita ni nusu shilingi. Sisi huku shilingi yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa na senti 100, na nusu yake, senti 50, wazee wetu waliiita sumni. Bibi yangu bado analitumia neno hilo akitaka kumsema mtu bahili: "Huyo hata sumni haimtoki." Basi tuuite mfano huu sumni ya mtoto.

Sasa, mimi nimesoma falsafa miaka mitatu, na mtu aliyesoma falsafa akipewa mfano rahisi hawezi kuuacha ukae kwa amani. Nilijiuliza: kama baba haongezewi chochote, zawadi ya mtoto ni mchezo tu? Ni maigizo?

Aristotle analigusa jambo hili mwishoni mwa kitabu cha nane cha "Maadili ya Nikomako", anapozungumzia urafiki wa watu wasiolingana. Anasema kwa maana hii: kuna madeni ambayo huwezi kuyalipa, kama deni lako kwa wazazi au kwa miungu, na hapo urafiki haudai ulipe sawa na ulichopokea, unadai utoe unachoweza. Yaani mpagani wa Kigiriki, karne nne kabla ya Kristo, ameshaona kwamba hesabu ya duka haifai nyumbani. Mtu anayemlipa mama yake kwa kila sahani ya ugali aliyokula utotoni hajawa mwema. Amemtukana.

Kanisa linakwenda mbali zaidi. Katekisimu, namba 2007, inasema kwamba kati ya Mungu na sisi kuna tofauti isiyopimika, kwa kuwa kila kitu tumekipokea kutoka kwake. Na mojawapo ya Prefasio za Misa za siku za juma, ile ya nne, inamwambia Mungu waziwazi kwamba hana haja ya sifa zetu, na kwamba hata kule kumshukuru ni kipaji chake mwenyewe. Siku moja mkienda Misa ya asubuhi, tegeni sikio. Kuhani akiisali ile, mtaisikia sumni ya mtoto pale altareni. Tunapeleka mkate na divai, na hata ngano si yetu.

Paulo anawauliza Wakorinto swali hilohilo kwa ukali wake wa kawaida: una nini ambacho hukupewa? Na kama ulipewa, unajivunia nini kana kwamba ni chako? (1Kor 4:7). Angalieni anaowauliza. Ni jumuiya iliyogawanyika makundi makundi, kila kundi na mtu wake. Paulo anaona kwamba mgawanyiko wao unatokana na kusahau. Ukisahau kwamba umepewa, unaanza kusema "changu". Ukisema "changu", mwenzako anakuwa mpinzani.

Turudi kwenye bendi, maana jina zuri halizuii matatizo.

Kampuni yao ya kwanza ya kurekodi iliingia kwenye matatizo ya fedha, wakajikuta wamefungwa na mikataba bila kuweza kutoa muziki. Ndiyo maana nasema albamu ya 1997 ni ya watu waliochoka kusubiri. Wakapata kampuni nyingine, wakapata umaarufu, kisha na hiyo ikayumba, na albamu iliyofuata, "Divine Discontent", ikachelewa mpaka mwaka 2002. Fikirieni: mnashika nafasi ya pili Marekani nzima mwaka 1999, halafu watu wanangoja albamu yenu miaka mitatu. Kwenye muziki wa pop hiyo ni kama miaka thelathini. Mwaka 2004 wakaachana.

Leigh akatoa albamu yake peke yake mwaka 2006. Kisha wakarudiana. Mwaka 2008 walitoa rekodi fupi na albamu ya nyimbo za Noeli. Mwaka 2012 wakatoa albamu nyingine, kisha kimya tena. Kimya kirefu. Mwaka 2024 wakatoa rekodi fupi inayoitwa "Rosemary Hill", na safari hii kwenye ngoma alikuwepo Dale Baker na kwenye besi Justin Cary, watu wa enzi zile za umaarufu. Miaka 12 tangu albamu ya mwisho. Hakuna aliyekuwa anawadai. Chati haziwangoji tena. Mtu angeweza kusema, kwa hesabu ya duka, kwamba kurudiana kule hakukumwongezea mtu kitu.

Lakini sikilizeni sauti ya Leigh kwenye rekodi hiyo mpya. Imekomaa, bado nyepesi. Na gitaa la Matt linaijua ile sauti, linaipisha. Ukishawahi kuimba na mtu tangu utotoni mnajua mahali pa kuvutia pumzi bila kuangaliana. Kitu hicho huwezi kukitengeneza na mtu mpya kwa wiki mbili za mazoezi.

Nilipokuwa nasikiliza hiyo rekodi bwenini, kwenye earphone ya upande mmoja maana wa pili umekufa, nilifika wimbo wa pili nikazima. Sikuweza kuendelea. Na sasa lazima niwaambie kwa nini, vinginevyo nitakuwa nawafundisha kitu nisichokifanya.

Kabla sijaingia seminari kuu, kule nyumbani Songea tulikuwa watatu. Mimi, kaka mmoja aliyenizidi miaka miwili, na dada mmoja aliyekuwa anaimba sauti ya pili. Gitaa moja, kayamba moja. Tulianza kwenye vijana wa parokia, tukawa tunaimba baada ya komunyo, halafu watu wakaanza kutuita kwenye ubarikio na maharusi. Hatukuwa na jina. Watu walituita "wale watatu".

Nyimbo niliandika mimi. Hilo ni kweli, na nilihakikisha kila mtu anajua kwamba ni kweli.

Siku moja tuliimba harusi moja tukalipwa shilingi 180,000. Kwetu zilikuwa hela nyingi. Mimi ndiye niliyekabidhiwa bahasha. Nikachukua 90,000, wenzangu nikawapa 45,000 kila mmoja. Dada alinyamaza. Yule kaka aliniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini. Nikamjibu: "Nyimbo ni zangu."

Akaitazama ile hela. Akaniambia, "Sawa, mdogo wangu." Akaondoka. Hatukuimba tena pamoja. Sasa ni mwaka wa tano.

Kitu ambacho sikukisema siku ile, na ambacho nilikuja kukiona nikiwa darasani naandika insha juu ya kitabu cha nane cha Aristotle (niliipata alama nzuri, kwa aibu yangu), ni hiki: gitaa nilifundishwa naye. Yeye ndiye aliyeniwekea vidole kwenye nyuzi nyuma ya groto, jioni baada ya jioni, C, F na G, mpaka ncha za vidole zikaota sugu. Gitaa lenyewe lilikuwa lake. Kila wimbo "wangu" ulizaliwa juu ya nyuzi zake. Nilichukua sumni ya mwenzangu, nikaenda dukani, nikarudi, na nikamdai chenji.

Mnaona jinsi mfano wa Lewis unavyogeuka? Kwa Mungu, mtoto analeta zawadi kwa fedha ya baba, na baba anafurahi. Kosa langu si kwamba sikuwa na cha kwangu. Hakuna aliye na cha kwake. Kosa ni kwamba nilipewa sumni, nikakataa kwamba nilipewa.

Kuna watu watasema, "Frateri, mbona na Mitume waligombana?" Waligombana kweli. Someni Matendo 15:36-41. Paulo na Barnaba, waliotumwa pamoja, waliofukuzwa pamoja, walikosana kwa sababu ya Yohane Marko. Barnaba alitaka waende naye. Paulo akakataa kwa sababu kijana huyo aliwaacha njiani kule Pamfilia. Luka haufichi ugomvi. Anasema ulikuwa mkali hata wakaachana. Barnaba na Marko wakapanda merikebu kwenda Kipro, Paulo na Sila wakaenda Siria na Kilikia.

Na msisahau Barnaba alikuwa nani kwa Paulo. Paulo alipofika Yerusalemu baada ya kuongoka, wanafunzi walimwogopa; ni Barnaba aliyemchukua na kumpeleka kwa Mitume (Mdo 9:26-27). Baadaye ni Barnaba aliyesafiri hadi Tarso kumtafuta na kumleta Antiokia (Mdo 11:25-26). Yaani hata Paulo, mwandishi wa lile swali "una nini ambacho hukupewa", alikuwa na mtu aliyemshika mkono. Sijui kama alipoliandika alimfikiria Barnaba. Mimi ningemfikiria.

Maandiko hayatuonyeshi siku walipokaa pamoja wakayamaliza. Tunapata dalili tu. Kwenye barua ileile kwa Wakorinto, Paulo anamtaja Barnaba kama mwenzake wa kazi (1Kor 9:6). Kwa Wakolosai anatuma salamu za Marko na kuwaagiza wampokee (Kol 4:10). Na kwenye barua ya pili kwa Timoteo, akiwa mfungwa na wengi wamemwacha, anaagiza aletewe Marko, kwa sababu anamfaa katika huduma (2Tim 4:11). Yule aliyekuwa hafai. Mimi mstari huo huwa unanisimamisha kuliko hotuba nyingi ndefu za Paulo. Mzee yuko gerezani, anataka joho lake, vitabu vyake, na yule kijana.

Bwana wetu naye ameweka utaratibu, na utaratibu wenyewe una usumbufu. Ukiwa unapeleka sadaka yako altareni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka palepale, nenda kwanza ukapatane naye, ndipo urudi (Mt 5:23-24). Angalieni: hasemi ukikumbuka kwamba wewe una neno juu yake. Anasema yeye ana neno juu yako. Mimi kwa miaka hiyo yote nilikuwa nasali kwa ajili ya "wale walionikosea". Safi kabisa. Sala nzuri, anwani imekosewa.

Na kwa nini sadaka isubiri? Nadhani ni kwa sababu ya sumni. Baba hapati hasara sadaka ikikaa pale sakafuni nusu saa au mwaka mzima. Haongezewi na haipungukiwi. Kwa hiyo anaweza kungoja. Aliye na haraka ni yule ndugu anayeondoka na 45,000 mkononi.

Kuna tahadhari moja lazima niiseme, maana mwaka jana nilipofundisha jambo hili kwa vijana wa kigango kimoja, binti mmoja alinifuata baadaye akilia. Kupatana si sawa na kurudi mahali pa kuumizwa. Kama mtu alikuwa anakupiga au anakutumia vibaya, Injili haikuagizi urudi nyumbani kwake na keki. Zungumza na paroko, na sista, na mtu mzima unayemwamini. Ninachokizungumzia hapa ni ugomvi wetu wa kawaida, ule wa kiburi na bahasha, ambao tunaupamba kwa maneno makubwa ili tusipige simu.

Kwa vikundi vitakavyokutana Jumamosi, someni kwanza Mdo 15:36-41 na 2Tim 4:11, kisha kila mmoja amtaje moyoni mtu mmoja aliyemfundisha kitu anachojivunia leo. Kushona, hesabu, kupiga kinanda, hata kusali rozari. Halafu mjadiliane: ni lini mara ya mwisho alisikia kutoka kwako kwamba ni yeye? Wanakwaya, ninyi mna swali la nyongeza: zile nyimbo mnazogombania, nani aliwafundisha kuimba? Msikimbilie kujibu. Kaeni kimya kidogo.

Mimi zoezi langu nililifanya Jumapili iliyopita, baada ya Masifu ya Jioni, muda tunaoruhusiwa simu. Niliandika ujumbe mrefu, wenye Aristotle ndani. Nikaufuta. Nikaandika mwingine: kwamba zile 90,000 zilikuwa 60,000, kwamba 15,000 yake na 15,000 ya dada nitazileta nikija likizo ya Desemba, na kwamba gitaa nilifundishwa na yeye, na sikuwahi kulisema mbele ya watu.

Alisoma saa ileile. Alama mbili za bluu. Hakujibu usiku ule, wala Jumatatu. Jumanne, nikakusanya simu yangu tena kwa dakika kumi, nikakuta mstari mmoja: "Njoo na nyuzi mpya, mdogo wangu. Ya tatu ilikatika zamani."